Laptop Mbili za Mwalimu Zipora

“Mama mkubwa, mbona hukuchukua ile ya Baba mkubwa?”

Nilimwuliza hivyo tukiwa ndiyo kwanza tumetoka dukani kwa Yahaya, karibu na soko la Majengo, jua kali na vumbi likitupiga usoni. Nilikuwa darasa la sita. Yeye alikuwa na mkoba wake wa ualimu begani, na mimi nilibeba mfuko wenye laptop aliyoinunua: nyeusi, nzito, imekwaruzwa mgongoni, ya mtumba, ambayo mtu wa nchi nyingine alishaitumia mpaka akaichoka.

“Shika vizuri huo mfuko,” alisema. “Usiuburuze.”

Basi. Tulitembea mpaka kwenye bajaji.

Mwalimu Zipora ni dada mkubwa wa mama yangu. Alifundisha Mlali, kule Kongwa, mpaka akawa mwalimu mkuu. Alipostaafu wakahamia Nkuhungu, hapa Dodoma mjini, yeye na mumewe, Baba mkubwa Batholomeo, aliyekuwa dereva wa serikali. Hawakujaliwa mtoto. Likizo zangu zote nilikuwa nahamia kwao na begi langu, nalala chumba cha mbele, nauliza maswali mpaka Baba mkubwa ananiita “mwandishi wa habari.”

Kustaafu hakukumpumzisha Mama mkubwa. Shule za jirani zilimletea mitihani iliyoandikwa kwa kalamu, yeye akaichapa nyumbani, akaipanga vizuri, akairudisha kwenye flashi. Aliichapa kwa laptop ya kuazima kwa mchungaji, ambayo ilitakiwa irudi kanisani kila Ijumaa kwa sababu ya matangazo ya Jumapili. Jambo hilo lilimkera Baba mkubwa kuliko lilivyomkera mwenyewe.

“Mwalimu mkuu mzima,” alikuwa akisema, “anaazima laptop kama watu wanavyoazima chumvi!”

“Si inafanya kazi?”

“Inafanya kazi ya mchungaji. Mimi nataka ya kwako.”

Alishaiona anayoitaka. Ilikuwa kwa Yahaya, ndani ya kabati la kioo, rangi ya fedha, nyembamba kama sinia. Kila alipokwenda mjini aliingia pale, akaomba iwashwe, akaigusa, akauliza maswali yale yale, kisha akasema, “Haya kijana, nakuja kesho.” Yahaya akampa jina: Mzee Kesho. Baba mkubwa mwenyewe ndiye aliyetusimulia, akicheka mpaka anakohoa. Lakini hakuwa anatania. Walikuwa na shamba dogo la zabibu Makutupora, na kila wakishauza mavuno alitia kitu kwenye bahasha ya kaki, akamkabidhi mkewe aifiche.

Siku moja asubuhi, baada ya chai, aliinama kuvaa viatu akawa hainuki. Walisema ni presha. Tulimzika Makutupora, upande wa juu wa shamba.

Watu walimsubiri Mama mkubwa alie. Hakulia. Alikaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, akapokea pole, akauliza nani hajala. Wakasema atalia akibaki peke yake. Matanga yakaisha, wageni wakaondoka, akabaki peke yake, na mimi nilikuwepo nikiangalia. Aliosha vyombo. Alipomaliza akavirudisha kwenye beseni akaviosha tena vile vile, si kwa hasira wala kwa haraka, halafu akaenda kukaa.

Baada ya hapo ndipo alipoanza kununua vitu vidogo vidogo. Huyu ni mtu aliyekuwa anaagiza mchele gunia, maharage gunia, mafuta ya kula dumu zima, sabuni miche kwa miche. Sasa akanituma mchele kilo moja. Chumvi, ile pakiti ndogo kabisa. Sabuni, kipande. Mlango wa uani ulipotoka bawaba, fundi akaja kusema anaweza kuutengeneza upya kwa mbao ngumu, Mama mkubwa akamwambia auegeshe tu kwa tofali. Shule ikamwomba awe mjumbe wa kamati kwa miaka mitatu. Akawaandikia barua fupi ya kukataa, yenye maneno mazuri.

Shemeji yake, Eliakimu, mdogo wake Baba mkubwa anayekaa kule kule Makutupora, akaja kumwambia mizabibu mingine imekauka, safu zina mapengo, miche mipya inapatikana.

“Panda wewe,” alimjibu.

“Shemeji, mwenye shamba ni wewe. Mimi nitapandaje?”

“Basi acha.”

“Mapengo yataongezeka.”

“Mzabibu unachelewa kuzaa, Eliakimu. Acha.”

Mama yangu, Paulina, alikuwa akiyaona yote haya na usingizi hapati. Jioni moja tulikuwa jikoni kwetu tunachambua mlenda, akasema bila kuinua kichwa, “Anitha, usimwambie mtu. Dada yangu anaondoka huku anatembea.”

“Anaondoka kwenda wapi?”

“Nenda kachote maji.”

Nilijua anakokwenda. Sikuwa mtoto kiasi hicho. Nilichokuwa sijui ni kama mtu anaweza kwenda huko kwa kununua chumvi pakiti ndogo.

Ndiyo maana mama alifurahi sana Mama mkubwa aliposema anataka kwenda mjini kununua laptop. Ile ya mchungaji alikuwa amepewa mtu mwingine wakati wa msiba, na mitihani ya kufunga muhula ilikuwa mezani. Mama akaniambia niende naye. “Ukiona anaingia kwa Yahaya, mshukuru Mungu. Bahasha ya marehemu anayo.”

Aliingia kwa Yahaya. Nikamshukuru Mungu.

Yahaya ni kijana wa Kondoa, mwembamba, mwenye maneno mengi, na alimfahamu Mama mkubwa kama mke wa mteja wake. “Shikamoo mwalimu! Karibuni, karibuni, feni lipo huku. Yule Mzee Kesho hajambo? Siku nyingi sijamwona. Mwambie kesho yake imefika, nimemshushia bei!”

Nilimwangalia Mama mkubwa. Nilidhani sasa ndiyo atalia. Nilianza hata kutafuta pa kumkalisha.

“Hajambo,” alisema Mama mkubwa.

Yahaya hakujua. Alifungua kabati la kioo, akaitoa ile ya rangi ya fedha, akaifuta na pindo la shati lake. “Mama, hii ni chuma. Hii si plastiki. Unafunua hivi, imewaka kabla hujakaa vizuri. Umeme ukikatika asubuhi, wewe chapa kazi mpaka jioni. Hii hununui tena nyingine. Hii utawaachia wajukuu.”

Mama mkubwa aliweka kidole kimoja juu ya mfuniko wake, akakiondoa. Alama ya kidole ikabaki kidogo kama ukungu, ikapotea.

“Una nyingine?” aliuliza.

“Nyingine kama hii?”

“Nyingine ya chini.”

Wakasogea upande wa mitumba. Mimi nilibaki nashangaa kompyuta moja iliyokuwa na samaki wanaogelea kwenye kioo chake, wa rangi ambazo kwa samaki wa bwawa la Mtera hazipo. Nilisikia wakiongea kwa sauti ya chini, yeye akiuliza, Yahaya akijibu, ila sikusikiliza. Nilipogeuka, Yahaya alikuwa anaiweka ile nyeusi kwenye mfuko, uso kama wa mtu aliyeshindwa kesi.

“Mdogo wangu,” aliniambia pembeni, “mama ana hela. Nimeiona bahasha. Mbona anajinyima?”

Ndiyo nikamwuliza mwenyewe kule nje. Na mwenyewe akaniambia nishike vizuri mfuko.

Ile nyeusi ilikuwa na kelele. Ukiiwasha, feni yake ilinguruma kama mashine ya kusaga inayosikika kutoka mtaa wa pili. Kitufe kirefu cha kuachia nafasi kililegea wiki ya kwanza. Mama mkubwa aliiweka mezani, akachapa mitihani, akaifunga. Hakuilalamikia wala hakuisifu.

Lakini Nkuhungu ina macho. Katibu wa umoja wa wanawake kanisani alikuja na kazi ya kuchapa, akaiona, akaisikia. Akaona na mchele umekaa kwenye kibakuli, badala ya gunia. Akaona mlango na tofali lake. Akaenda kujumlisha. Na kwetu huku, mjane wa mtumishi wa serikali, yeye mwenyewe mwalimu mkuu mstaafu, akionekana na laptop iliyokwaruzwa na mchele wa kibakuli, watu hawatafuti sababu mbali. Wanasema ndugu wa mume wamekula.

Ndani ya wiki mbili maneno yalifika Makutupora. Eliakimu alikuja na pikipiki, akaiegesha vibaya, akaingia hata kofia hajavua.

“Shemeji! Mimi nimekula nini chako?”

“Karibu, kaa.”

“Sikai! Nimetoka mashine ya kusaga, watu wazima wananiuliza mali ya kaka yangu naimalizia wapi. Mimi! Hata jembe lake sijagusa!”

“Najua.”

“Sasa mbona unatumia kitu kama hiki?” Akainyooshea kidole ile nyeusi iliyokuwa inanguruma mezani. “Hiki ni nini? Trekta?”

“Waache waseme, Eliakimu.”

“Wewe unaweza kuwaacha. Mimi ndiye ninayesemwa!”

Mama mkubwa akamwekea chai. Aliinywa kwa hasira, akala na mihogo, akaondoka bado anasemasema. Ila alipotoka hakwenda kwake. Alikuja kwetu kumwona mama, na wakakubaliana yeye, mama na yule katibu kwamba Mwalimu Zipora ana shida na anaona aibu kuisema.

Mimi nilisema, “Lakini bahasha ilirudi nyumbani na hela zake.”

“Hela za kula zinaisha,” mama akasema. “Wewe ni mtoto.”

Baadaye, nikiwa mkubwa kidogo, nilimwuliza mama kama kweli aliamini. Akasema alitaka kuamini. Shida ya hela watu wanakaa kikao wanachanga. Lile jingine, aliniambia, ungelipeleka kikao gani?

Basi wakachanga. Kanisa likachanga, walimu wa zamani wa Mlali wakachanga, wazazi wa shule anazozichapia wakachanga. Eliakimu aliuza dume lake la ng'ombe ili jina lake lisomwe la kwanza na kwa sauti. Mama ndiye aliyekwenda kwa Yahaya. Huko ndiko Yahaya alikojua kuwa Mzee Kesho amefariki. Mama alisema Yahaya alikaa kwenye kiti cha wateja, akaizima redio, akasema, “Na mimi nilimwuliza hajambo.” Ile ya rangi ya fedha aliitoa bila hata mama kutaja bei, akaipunguza mwenyewe.

Wanawake waliipeleka Jumamosi mchana, wamevaa sare zao, wakiimba tangu njia panda. Mmoja alibeba boksi kichwani limefungwa kitenge kipya. “Mbukwenyi!” wakasalimu kwa Kigogo mlangoni, na vigelegele vikapigwa mpaka kuku wakaruka ukuta. Eliakimu alikuwa mbele amevaa koti.

“Shemeji,” alisema, na hakuwa anamwangalia shemeji, alikuwa anawaangalia majirani waliosimama nje, “familia ya marehemu haikukutupa. Pokea.”

Mama mkubwa alipokea kwa mikono miwili. Aliwashukuru mmoja mmoja kwa jina. Akanituma soda. Wakamwomba afungue wote waione, akafungua kitenge, akafungua boksi, akawaonyesha. Wakapiga makofi. Yule katibu alifuta machozi, mama alifuta machozi, hata Eliakimu aligeukia ukutani kidogo. Uso wa Mama mkubwa ulikuwa kama ubao uliofutwa.

Walipoondoka aliirudisha kwenye boksi, akaliviringishia kitenge, akapanda kwenye kiti akaliweka juu ya kabati la vyombo, kisha akashuka, akawasha ile nyeusi akaendelea na mtihani wa Jiografia wa darasa la tano.

Boksi lilikaa pale. Wa kwanza kuudhika alikuwa Eliakimu. Kila akija, kabla ya shikamoo ya mtu yeyote, anatazama juu ya kabati.

“Bado?”

“Iko salama.”

“Salama! Shemeji, sikuuza dume nikanunua mgonjwa wa kulazwa!”

Niliingia sekondari. Ile nyeusi iliendelea. Betri yake ilikufa, ikawa inafanya kazi ikiwa kwenye umeme tu, na umeme ukikatika inazima na kila kitu. Mama mkubwa akajifunza kuhifadhi kila baada ya sentensi. Kitufe kirefu kiling'oka kabisa, akawa anabonyeza kile kipira kilichobaki chini yake kwa kidole gumba. Alinipa niipeleke kwa Yahaya ikabadilishwa kibodi. Ikabadilishwa feni. Ikawekwa bawaba za laptop nyingine, kwa hiyo ikawa haifungi sawasawa, inaachama.

“Mwambie mwalimu,” Yahaya aliniambia siku moja, akiwa ameipasua mezani, “humu ndani ilichobaki nacho ni jina tu. Mbona haitaki kufa hii?”

Nilifikisha ujumbe. Mama mkubwa alisema, “Kamuulize na yeye bei ya feni imepanda kwa nini.”

Nilipokuwa kidato cha pili, mwezi wa Desemba, mvua za kwanza zilinyesha, Eliakimu akaja na zabibu chache kwenye ndoo. Walikaa uani. Mama mkubwa akamwuliza, kama mtu anayeuliza kuhusu kitu cha jirani, kama ile miche bado inapatikana.

Eliakimu akaacha kutafuna. “Miche ya wapi?”

“Ya mapengo.”

“Ipo.” Akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, akaogopa kuongeza neno. “Ipo, shemeji. Nikuletee kiasi gani?”

“Ya safu mbili kwanza.”

Alimeza zabibu na mbegu zake. Siku hiyo aliondoka bila kutazama juu ya kabati.

Sitaki kusema kwamba alibadilika. Hakuimba, hakuanza kucheka. Aliendelea kukaa kwenye kiti kile kile jioni, mikono mapajani, na ukimsemesha anachelewa kujibu kana kwamba sauti imetoka mbali. Mchele aliununua kilo tano, kisha kumi. Mlango wa uani ukapata bawaba. Mama aliviona vitu hivyo, hakuvitaja, na mimi akanikataza kuvitaja.

Mwaka huu niko kidato cha tatu. Likizo ya Juni nilikuwa Nkuhungu kama kawaida, upepo wa baridi unatoka Iringa, tumefunga madirisha. Ilikuwa Jumamosi asubuhi na Mama mkubwa alikuwa na mtihani wa Sayansi unaotakiwa Jumatatu. Aliiwasha ile nyeusi, feni ikanguruma, ikanyamaza. Kioo kikawa cheusi. Akachomoa chaji, akachomeka. Akaigeuza, akaipuliza, akaigeuza tena. Mimi nikajaribu, nikabonyeza kitufe cha kuwashia mpaka kidole kikauma. Nikampigia Yahaya, akasema niisogeze karibu na simu aisikilize. Haikuwa na kitu cha kusikiliza.

“Mpe pole mwalimu,” alisema. “Hapo nimefika mwisho wa ufundi.”

Mama mkubwa aliifunga kadiri ilivyokubali kufungika. Aliweka kiganja juu ya mikwaruzo yake. Aliitazama muda, na mimi nikawa namtazama yeye, na lile nililokuwa nimelisikia jikoni miaka ile likanirudia. Nilitaka kumwita mama.

“Anitha,” alisema. “Panda kwenye kiti. Shusha hilo boksi.”

Nilipanda. Kitenge kilikuwa kimepauka upande wa dirishani, vumbi lake likaniingia puani. Niliweka boksi mezani, akalifungua mwenyewe, taratibu, akakunja kitenge kwanza. Ile laptop ilikuwa mpya kama siku ile. Tuliichomeka, tukasubiri chaji iingie. Halafu ikawaka kimya kimya, bila kelele yoyote, mpaka mimi nikadhani haijawaka. Ikauliza lugha. Ikauliza nchi. Ikauliza jina la mwenye kuitumia, na Mama mkubwa akavaa miwani, akachapa ZIPORA kwa kidole kimoja, yeye anayejua kuchapa kwa vidole vyote bila kuangalia.

Ikasema isubiriwe, inajiandaa. Kiduara kikawa kinazunguka katikati ya kioo. Tulikaa tukikitazama.

“Siku ile kwa Yahaya,” alisema, “uliniuliza mbona sikuchukua hii.”

Sikujua kama bado anakumbuka.

“Nilimwuliza yule kijana, ile nyeusi itakaa muda gani. Akaniambia, ‘Mama, nisikudanganye, miaka miwili.’ Nikaona miaka hiyo inanitosha.”